Ndege ya Vita Niliyoiunda Baleni Nusura Inichomeshe Moto

Wakuu, mimi nilimwagiwa petroli mchana kweupe kwa sababu ya ndege ya vita.

Ndege yenyewe ina futi tatu na nusu kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Haina injini. Haijawahi kupaa hata inchi moja.

Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia vidole vitatu havikunjiki tena. Mkiona herufi imekosewa, nivumilieni.

Naitwa Shamte, wa Baleni, hapa hapa Mafia. Kazi yangu kuunda vyombo. Babu aliunda majahazi, baba mashua, mimi naunda ngalawa, na kazi ikikauka natengeneza vitanda.

Na niseme ukweli mapema: nina hasira. Hasira zangu zinajulikana mpaka Kirongwe.

Mwaka jana akaja Mwalimu Wilbrod, mtu wa bara, anafundisha historia sekondari. Kashika karatasi yenye picha ya ndege ya Waingereza ya vita vya pili. Rubani mmoja, pua ndefu.

"Fundi, nataka mfano wa hii kwa maonyesho ya shule. Kila mita kumi za ndege ya kweli, wewe nipe mita moja."

"Mwalimu, mimi ndege naziona zikipita juu tu. Sijawahi hata kuigusa."

"Unaunda chombo cha kukaa baharini, unashindwa hiki cha kukaa mezani?"

Akanipata hapo. Mimi ukiniambia nashindwa, umenimaliza.

Nikaiunda kwa njia ninayoijua. Nikalaza mkuku kwanza, ule uti wa mgongo wa chombo. Nikasimamisha mataruma, yaani mbavu zake. Nikavika ubao mwembamba wa msufi, nikaziba nafasi kwa pamba na mafuta ya papa, juu nikapigilia makopo ya mafuta ya kula niliyoyapasua. Kioo cha rubani ni chupa ya maji. Feni ya mbele ni ubao wa mkorosho.

Wiki saba, wakuu. Mwalimu akija kuitazama anaziba pua.

"Fundi, ndege gani hii inanuka papa?"

"Ikianguka majini haitavuja," nikamjibu.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia.

Jumatano niko kijiweni nakunywa kahawa. Yuko Suleimani, mwenye mikorosho jirani na karakana yangu, na mdogo wake Haruni, baba mmoja mama mbalimbali.

Suleimani akaropoka, "Shamte kaishiwa jamani. Mjukuu wa waunda majahazi anachonga midoli!"

Watu wakaangua kicheko.

Nikamkunja shati. "Rudia! Nitakupasua hicho kichwa kwa tezo!"

Tezo ndilo lile shoka letu lenye makali yaliyolala, ya kuchongea mbao. Yangu inanyoa ndevu.

Aliyetuachanisha ni Haruni. Akanipigapiga bega kwa upole. "Kaka Shamte, punguza jazba. Watu wanasikia."

Kweli, watu walisikia.

Ijumaa ndege ikaisha. Kwetu sisi, tangu babu, chombo hakitoki karakanani kikavu. Fundi anafunga mlango, anachinja jogoo peke yake, anapaka damu puani mwa chombo. Hakuna anayeonyeshwa. Najua ndege siyo ngalawa, lakini mkono ulioiunda ni uleule, na roho ilikataa kuitoa hivihivi.

Nikaenda kwa Mzee Shaibu, muuza kuku. Mzee huyu ana jicho moja. La pili lilipasuliwa kwa jiwe miaka miwili nyuma, siku kundi la watu lilipomvamia kwake likidai anaruka na ungo kuroga watu. Wala hakuhama. Anauza kuku kwa baiskeli yake, na matusi yake palepale.

"Shikamoo, Mzee Shaibu."

"Marahaba. Jogoo wa nini, unaoa tena? Nani kajitakia mabaya?"

"Wa chombo, mzee."

"Chombo gani? Kile kidude cha makopo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Chukua huyu mwekundu. Mkorofi kama wewe."

Nikachinja, nikapaka damu puani mwa ndege, nikaifunika shuka. Nikarudishia mlango bila kufuli, nikapeleka nyama nyumbani.

Jumamosi asubuhi naingia karakanani, tezo haipo.

Sijainama hata kutafuta chini ya meza, nikasikia kelele.

Suleimani alikuwa ameokotwa alfajiri chini ya mikorosho yake, kichwa kimepasuliwa, anahema kwa mbali. Wamemkimbiza hospitali Kilindoni. Na Baleni nzima ikakumbuka maneno yangu ya Jumatano.

Walikuwa watu kama arobaini. Wengine nimewatengenezea vitanda wanavyolalia.

"Jamani, nini..."

Mpini wa jembe ukatua ubavuni. Nikasikia mfupa ukilia ndani yangu. Nikapigwa cha mdomo, jino likatoka, nikalimeza na damu yake. Nikaanguka. Mateke sasa. Mgongoni, tumboni, kichwani. Ukijikunja huku wanakupata kule.

"Mkono alioshikia tezo ni huu!"

Wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya gogo langu mwenyewe la kuchongea. Jiwe likashuka mara mbili. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Haruni alikuwa mbele, machozi yanamtoka.

"Huyu si muuaji tu, ni mchawi! Ana ndege yake humo ndani, kaipaka damu puani! Damu ya ndugu yangu!"

Wawili wakaingia wakatoka nayo, ingali kwenye shuka. Wakaivuta shuka.

Damu ilikuwa pale, imekauka puani.

Wanawake wakapiga ukunga. Mmoja akakanyaga bawa, mataruma yakakatika. Wallahi, pamoja na kipigo chote kile, sauti ile iliniuma.

"Petroli!"

Kijana wa bodaboda akanimiminia chupa nzima. Inakuwa ya baridi kichwani, kisha macho yanawaka. Nilipiga shahada. Nilijua nimekwisha.

"Kibiriti! Nani ana kibiriti?"

Hapo ikasikika kengele ya baiskeli.

Mzee Shaibu hakupunguza mwendo. Aliliparamia kundi na baiskeli yake, tenga likaanguka, kuku wakatawanyika miguuni mwa watu. Akaja kusimama juu yangu, pampu ya baiskeli mkononi.

"Washeni! Na mimi nimo! Si mlisema mchawi wa kijiji hiki ni mimi? Haya, atakayewasha leo hatakojoa mwaka mzima!"

Wakuu, kundi likarudi nyuma. Mwenye kibiriti akakiingiza mfukoni taratibu.

"Damu hiyo ni ya jogoo wangu," mzee akasema. "Nimemuuza jana kwa mkono wangu."

"Muongo!" Haruni akafoka. "Wachawi wanateteana!"

Mzee akamgeuzia lile jicho moja.

"Haruni, sauti yako nimeisikia tangu kule njiani. Ndege nimeiona ikitoka humo imefunikwa. Hawa wote wameona damu baada ya shuka kuvutwa. Mimi mwenye jogoo nilikuwa sijui kaipaka wapi. Wewe ulijuaje kama iko puani?"

Haruni akarudi hatua moja nyuma. Kuku wakalia miguuni pake.

"Ni... niliambiwa."

"Na nani?"

Mzee akaniinamia. "Kuna mtu ulimwonyesha?"

Nikatikisa kichwa.

"Tezo yako iko wapi?"

"Imeibiwa," nikasema, damu inanitoka mdomoni. "Nimeikosa leo."

Haruni akatoka mbio.

Hakufika hata kwenye minazi. Wakamwangusha, na mpini uleule wa jembe ukaanza kazi. Miguu ileile. Matusi yaleyale.

"Kaka alikataa tuuze shamba la baba!" akawa analia. "Shetani tu, jamani! Shetani!"

Chupa nyingine ya petroli ikafunguliwa. Kibiriti kikatoka tena mfukoni.

Nikainuka. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikaokota jiwe kwa mkono wa kushoto, nikalielekea kundi. Nilikitaka kichwa cha Haruni, sitaki kuwadanganya. Nikainua mkono.

Mzee Shaibu akanidaka kiwiko. Akaniambia sikioni, polepole.

"Shamte. Lile la kwanza halikukutosha?"

"La kwanza lipi?"

"Lililonipiga mimi. Lilitoka mkononi mwako. Ndicho kitu cha mwisho jicho hili lilichokiona."

Wakuu, hapa sikuwaambia ukweli wote. Siku ile mzee alipovamiwa, nilikuwemo. Mtoto wa dada yangu alikuwa mgonjwa, watu wakasema kalogwa na Shaibu, na mimi hasira zangu mnazijua sasa. Mawe yalikuwa mengi. Nikajiambia nani atajua la nani ni lipi?

Miaka miwili nampa shikamoo. Miaka miwili ananiitikia marahaba, na anajua.

Jiwe likaniponyoka.

Yeye akapita katikati ya watu, akasimama juu ya Haruni vilevile alivyosimama juu yangu, anatukana, pampu mkononi, mpaka polisi wakafika.

Suleimani alizinduka siku ya nne, akamtaja mdogo wake. Tezo yangu ikakutwa imechomekwa kwenye makuti ya jiko la Haruni. Polisini alikiri kwamba alipoingia kuiiba, alifunua shuka kwa udadisi tu.

Mwalimu Wilbrod aliichukua ndege na bawa lake lililovunjika. Nilimwambia nitairekebisha, akakataa. Akasema ndege ya vita iliyorudi kutoka vitani hukaa hivyo.

Mkono ulipofungwa plasta nilikwenda kwa Mzee Shaibu. Nikamkuta ananyonyoa kuku. Nikapiga magoti kwenye manyoya.

"Mzee, nisamehe."

"Sijakusamehe," akasema, hata hakuinua uso.

"Sasa kwa nini uliniokoa?"

Akaendelea kunyonyoa.

"Kwa sababu siku yangu hakuja mtu."

Sina somo refu, wakuu. Ukijikuta ndani ya kundi linalopiga kelele moja, na jiwe liko mkononi mwako, usijidanganye kwamba litapotea katikati ya mengine. Anayepigwa anakuona.