Fimbo, Mwiko na Treni ya Baba

Enzi zetu sisi watoto wa relini, nani alikuwa na saa? Treni ikipanda kwenda Mwanza, ndama wanapelekwa majini. Ikirudi, sufuria ya ugali iko jikoni. Nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, aliijenga babu alipokuwa kibarua wa reli, na boriti zake zilikuwa mataruma ya zamani ya kulazia reli, ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza aliyatoa wapi. Kutoka mlangoni mpaka relini zilikuwa hatua thelathini za mtoto. Treni ikipita, vyungu vinacheza, vumbi la paa linadondokea mlenda, na bibi anafunika chungu kwa mkono mmoja huku akiendelea na umbea wake. Mgeni akija mara ya kwanza, akasinzia mchana, treni ikampitia pale, alitoka mbio na mkeka mgongoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tulikuwa na utundu wetu. Tulilaza misumari juu ya reli, treni inaikanyaga, inatoka bapa, tunaitumia kumenyea viazi vya kukausha michembe. Tukikamatwa, fimbo. Kesho yake tuko palepale. Tuliwapigia abiria kelele za "mwangaluka!" hata jua likiwa linazama, na wao wakaitikia bila kujali kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Leo mtoto wa miaka minane ukimtuma chumvi dukani anakuuliza kama utamlipia bodaboda.

Baba yangu alikuwa mtu wa moto. Kazi yake ilikuwa kulisha kuni tanuri la kichwa cha treni, na kituo chake kilikuwa Tabora, kwa hiyo tulimwona akipita zaidi kuliko tulivyomwona akiwa ameketi. Kwetu treni haikusimama. Stesheni ilikuwa mwendo mrefu wa miguu, na hata ungefika, mwenye moto haachi moto wake. Basi tukawa na desturi ya kuzungumza naye kwa vitu. Ukiinua kibuyu, mvua imenyesha shambani. Ukiinua kamba, ng'ombe amezaa. Anatoa kichwa, anasoma, anapunga mkono, huyo amekwenda. Mwinuaji alikuwa kaka yangu Maganga, kwa sababu eti ni mwanamume. Mimi Minza nilikuwa wa kutazama tu, na niliudhika sana.

Mwaka mmoja mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa amezika vichanga viwili, kwa hiyo mimba ile haikuongelewa kwa sauti kubwa nyumbani. Uchungu ukamshika asubuhi ileile baba alipotakiwa kwenda kazini. Kazi ya reli haina subira. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia bibi maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Kesho jioni nitapita nikitoka Mwanza. Akiwa wa kiume, inueni fimbo. Wa kike, mwiko. Nisipomwona mtu relini, nitaelewa."

Mama aliteseka mchana kutwa, usiku kucha, na kesho yake tena. Sisi watoto tulikatazwa kusogelea mlango. Jioni ikaja, Maganga bado yuko malishoni na ng'ombe, na mimi nimelaza sikio kwenye reli. Nikasikia chuma kinaanza kuimba. Treni inakuja, na ndani kimya! Niliogopa vibaya sana. Nilimwona baba akilini akichungulia, anaona reli tupu, anaelewa, na anakwenda nalo lile jambo peke yake mpaka Tabora.

Mara kichanga kikalia. Bibi akatoka jasho likimtiririka, akanitupia fimbo ya babu. Wa kiume, mama mzima, kimbia! Nikaruka. Nimesimama kando ya reli, moshi umeshaonekana kwenye kona, nasikia bibi ananiita tena kwa sauti ya mtu aliyeungua. Nageuka, amesimama mlangoni na mwiko. Nikachanganyikiwa. Nilidhani wamekosea kumtazama mtoto, kumbe ni wa kike. Nikarudi mbio, nikaitupa fimbo chini, nikapokea mwiko.

"Shika vyote viwili, mjinga we!" bibi akasema. "Ni wawili!"

Hatua thelathini zile sijui nilizimaliza kwa ngapi. Treni hiyo hapo, ardhi inatetemeka, na baba amening'inia nje ya kichwa cha treni, macho yamemtoka. Nikainua fimbo, nikainua mwiko. Akaangalia huku, akaangalia kule, akakunja uso. Hakuelewa! Alidhani nafanya utoto wangu. Nikapiga kelele, "Kulwa na Doto! Kulwa na Doto!" maana kwetu mapacha huja na majina yao, lakini treni ilimeza sauti yote. Basi nikabana fimbo kwapani, nikang'ata mwiko, nikakimbia sambamba na magurudumu huku nimeinua vidole viwili juu kabisa.

Baba akainua viwili vyake, taratibu, kama anayeuliza. Nikatikisa kichwa kukubali mpaka mwiko ukanidondoka.

Kofia yake ikaruka juu, ikapotelea kwenye nyasi za upande wa pili. Akamshika dereva mabega, akamtikisa, na dereva yule, Mhindi mwenye kilemba ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno, akavuta honi, hakuiachia hata treni ilipopotea. Baba alifunika uso kwa mikono yake yenye masizi. Niliporudi, mama alikuwa amelala na watoto wake, mmoja huku, mwingine huku, honi bado inasikika kwa mbali. Akatabasamu.

"Amejua," akasema.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alijifungua kule Nyahanga. Sijamaliza kikombe cha chai, picha imeshaingia kwenye simu: mtoto, uzito wake, jina lake, na saa aliyozaliwa. Nilifurahi jamani, siwezi kusema uongo. Nikatuma ule moyo mwekundu walionifundisha. Halafu nikabaki nimeketi na simu mkononi, miguu yote inataka kukimbia, na hakuna pa kukimbilia.