Skrini ya Ngulyati Ilipokuwa Inazima

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Bariadi, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi bisibisi akaniambia, "Binti, hapa hatubahatishi. Anza na umeme, fuata waya, programu mwisho." Nyie mafundi vijana mnaorukia programu kwanza, mnisikilize.

Nimepita ofisi tatu, mabosi wa kila aina. Ila kazi ninayoringia ni ya mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, shuleni Ngulyati. Walikuwa na kompyuta ndogo ya bodi moja, saizi ya kadi ya benki, inayoendesha skrini ya darasa zima. Picha inaanza safi, baada ya nusu saa inakwama, inachanika vipande, kisha giza. Ofisa Elimu hakuzunguka: "Kesho saa nne nakuja. Ikizima mbele yangu, naihamishia shule nyingine."

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu Mkuu alinisalimu kwa Kisukuma, machozi yakimlengalenga. "Wakiichukua, watoto wangu wataiona wapi tena?" Iliniuma, jamani.

Nikaanza na umeme. Ukiwa pungufu, alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini, haikuwepo. Nikabadilisha waya wa skrini, wapi! Nikapunguza ukubwa wa picha kwenye programu. Nusu saa, giza. Jasho lilinitoka. Miaka yote hiyo, nistaafu kwa aibu?

Nikainama kuichomoa, na hapo ndipo nilipounguza vidole. Bodi ilikuwa ya moto kama kikaango! Mwalimu Mkuu alikuwa ameifumia kitambaa kizuri cheupe cha kuifunika, kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani, na bodi ikikosa hewa hujipunguzia mwendo hadi picha inakufa. Nikakitupa mezani. Nikawasha tena. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita, picha imetulia tuli!

Kesho yake Ofisa Elimu alikaa kipindi kizima akingoja giza. Halikuja. Akafunga faili: "Inabaki hapa." Mwalimu Mkuu alipiga vigelegele, darasa likalipuka.

"Fundi, tatizo lilikuwa nini?" Ofisa Elimu akaniuliza.

"Joto, mheshimiwa," nikajibu, nikakaza uso.

Leo nimestaafu, sina bosi wa kuniita ofisini, basi niseme. Siku ile, kila nilipomaliza kupima, kile kitambaa nilikirudisha mimi mwenyewe, tena nikinyoosha na pembe zake.