Mashine Isiyopiga Magoti

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mtu anaponiletea picha ya mashine, mwanangu, na wewe jana umeniletea mbili. Ulizipanga kwenye simu yako, moja kubwa ya rangi ya machungwa na moja ndogo ya kijani, ukaniuliza, "Mzee, nichukue ipi?" Nilikwambia urudi leo baada ya Alasiri. Hukupenda, niliona. Lakini jibu la swali lako limo ndani ya habari ya mkono wa kulia wa binamu yangu Bare, na nilitaka tuwe na chai ya kutosha kabla sijaianza.

Wakati huo ndevu zangu zilikuwa nyeusi na maneno yangu mengi. Garissa nzima ilinijua kwa maswali. Nilimuuliza fundi wa redio sauti huenda wapi redio ikizimwa. Nilimuuliza daktari wa mifugo kwa nini mboni ya mbuzi imelala badala ya kusimama, akanifukuza, nikarudi kesho yake. Marehemu mama alikuwa akisema Mungu alinipa ulimi kabla ya kunipa masikio. Mimi nilicheka tu, sikujua kuwa ananitajia ugonjwa wangu.

Bare alikuwa kinyume changu. Yeye ni mtoto wa Adeer Gedi, mdogo wake baba yangu, mfuga ngamia wa upande wa Bura. Bare angeweza kukaa kutwa nzima bila kusema neno, lakini mkono wake! Ngamia jike anayempiga kila mtu mateke alitulia akiguswa na Bare. Alisimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, na maziwa yakashuka kana kwamba yeye ndiye aliyeyatuma. Wanawake walimwomba akamue ngamia wao waliokuwa wakaidi, naye hakukataa hata siku moja.

Sasa kazi yetu. Wewe umezaliwa ukaukuta mathenge, unadhani mti huo ulikuwapo tangu Nabii Nuhu. Uliletwa uzuie mchanga, ukaja ukazuia watu. Uliziba njia za mto, uliingia mashambani, miba yake ilitoboa matairi na nyayo za ngamia. Mimi na Bare tukaona riziki hapo. Tulianza kwa panga na shoka, kisha tukapata msumeno wa injini. Kukata hakukuwa shida. Shida ilikuwa matawi. Utayaweka wapi? Huwezi kuyachoma karibu na migomba ya mtu, na ukiyaacha njiani, umefungua njia kwa mkono mmoja na kuifunga kwa mwingine.

Ndipo dereva mmoja wa lori akaniambia kuwa Nairobi kuna mashine inayotafuna matawi ikayatema vipande vidogo kama maganda ya karanga. Wallahi sikutulia tena. Nilitaka kuiona kuliko hata nilivyotaka kuinunua.

Nilikwenda peke yangu. Bare alibaki na kazi. Mwenye yadi ya mashine kuukuu alikuwa mama mmoja mpole, amevaa ovaroli, na alikuwa na mbili: ndogo na kubwa. Nikaanza maswali yangu.

"Mama, hii fisu yake iko wabi?"

"Fisi?" akashangaa. "Huko kwenu mnataka kusaga fisi?"

"Fisu! Fya kukata!"

"Aaa, visu!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa ovaroli, nami nikacheka naye. Ulimi wetu unajua mambo yake, mwanangu, usiuonee haya. Akanifungulia kifuniko nikaviona visu. Nikauliza vinanolewa mara ngapi, injini inakunywa mafuta kiasi gani, gurudumu la visu lina uzito gani, inameza mti wa unene gani, kwa nini inatema juu na si chini. Mama alijibu yote. Kisha akanishika bega, akanipeleka mbele ya ile ndogo, mahali pa kulishia matawi. Palikuwa na upau mwekundu.

"Ukigusa hapa hata kwa paja, inasimama na kurudisha tawi nyuma," akasema. "Ile kubwa ilikuwa na upau kama huu. Mwenyewe aliutoa, alisema unamkatizakatiza kazi. Mimi ningekuwa wewe, ningechukua hii ndogo."

Unajua nilimjibu nini? Hata leo naona aibu. Nilimwambia, "Mama, sikutoka Garissa mpaka hapa kununua mashine ya kusimama. Nataka ya kwenda."

Husemwa kuuliza si ujinga. Kweli. Lakini uko ujinga mwingine, wa kuuliza kisha kuondoka kabla jibu halijafika, na huo ndio uliokuwa wangu. Yule mama alinijibu hata swali ambalo sikumuuliza, nami nikampita kama mtu asiyesikia adhana.

Nikachukua kubwa. Nikwambie ukweli, niliichukua kwa sababu ya mdomo wake mpana na sauti yake. Nilitaka watu waisikie wakiwa sokoni. Na waliisikia! Niliwahadithia kisa cha yadi, nao wakaibatiza jina Fisi papo hapo. Wazee waliacha bao lao wakaja kuitazama. Watoto wa chuo cha Kurani walisamehewa somo. Mwanamke mmoja aliniuliza kama inaweza kusaga mifupa, nikamjibu kwa majivuno kuwa bado sijaijaribu.

Lakini sikiliza jambo la ajabu. Ule mdomo mpana niliousifia haukupata kazi hata siku moja. Shina la mathenge halisagwi, shina ni la mkaa na la nguzo za ua. Kinachobaki ni matawi ya unene wa kifundo cha mkono, mengi, yaliyopinda na kugawanyika kama pembe za paa. Hayo hata ile ndogo ingeyamaliza. Kisha Fisi alikuwa mzito. Kila alipoingia kwenye mchanga wetu tulikodi lori la kumvuta. Na matawi tuliyokuwa tukiyaburuta chini yalijaa mchanga, visu vikawa butu kila baada ya siku mbili, na vipya viko Nairobi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Haya yote ningeyajua kama ningebeba tawi moja tu la mathenge kwenye basi, nikamwambia yule mama, "Hebu tulilishe hili." Watu wa basi wangelalamika kwa miba, lakini wangeshuka Nairobi wakasahau.

Nisikuchoshe. Siku yenyewe tulikuwa kwenye shamba la mzee mmoja ukingoni mwa Tana, tukimfungulia njia ya kwenda kwenye pampu yake. Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Bare alikuwa mbele akilisha. Mimi nilikuwa nyuma. Unataka kujua nilikuwa nikifanya nini? Nilikuwa nimechuchumaa nikinusa vipande. Nilitaka kujua kwa nini mathenge mbichi hunuka utamu na mkavu hunuka vumbi.

Bare aliliingiza tawi lenye panda tatu. Likakwama, akalisukuma. Mashine ikalivuta ghafla, na mwiba mmoja ukapenya kwenye glavu yake ukashika. Aliita jina langu mara moja tu, wala hakupiga kelele. Nilipoinua kichwa nilimwona ameweka mguu wake kwenye chuma akijivuta nyuma kwa nguvu zake zote, na mkono wake wa kulia uko ndani.

Swichi ilikuwa ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko, mahali Bare asipoweza kufika, na baina yangu nayo palikuwa na lundo la matawi. Niliruka, nikaanguka kwenye miba, nikainuka, nikazima. Hata baada ya kuzimwa, lile gurudumu zito la visu liliendelea kuzunguka kana kwamba sikuligusa. Hakukuwa na kitu cha kumfanya Fisi arudishe alichokishika.

Hospitali haikuwa mbali, Alhamdulillahi, na mkono uliokolewa. Vidole viwili havikurudi, cha shahada na cha kati. Litazame jina la hicho cha kwanza, mwanangu. Ni kile anachokiinua katika kila swala. Nililia mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu, na sikujali nani ananitazama.

Kesho yake nikaenda kwa Adeer Gedi. Habari ilikuwa imeshamfikia. Hakunikaripia. Alinimiminia maziwa kwanza, akaningoja nimalize, nami nilitamani afadhali angenipiga. Kisha akasema, akinirudishia jina lilelile ninalomwita, kama ami zetu wafanyavyo, "Adeer, siku ile unanunua, uliiona ikipiga magoti?"

Nilidhani majonzi yamemchanganya. "Adeer, ni mashine ile."

"Najua ni mashine. Ngamia wa mizigo unamnunuaje?"

"Kwanza unamwambia apige magoti, alale chini."

"Hutazami meno kwanza?"

"La. Kwanza unamlaza."

"Kwa nini?"

Nikamjibu kama mtoto anayesoma ubao wake. "Asiyekubali kulala huwezi kumpakia wala kumpakua. Na akishtuka mtu akiwa juu yake, hakuna namna ya kumshusha."

"Haya, kumbe unajua. Nilikufundisha mimi, tena hukuwa umefika kimo cha kibuyu cha maziwa." Akakichukua chombo changu kitupu. "Nani alikuambia kuwa chuma kina mila nyingine?"

Mimi mwenye maswali ya kumchosha daktari wa mifugo, nilikosa jibu la kumpa mzee ambaye hakuwahi kuiona hiyo mashine. Nilikuwa nimenunua ngamia wangapi kabla ya siku ile? Wote niliwalaza. Nilipofika mbele ya injini nikajiona mtu wa kisasa, nikaacha nyumbani kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, tukivuka kwenda mjini tunadhani akili ya porini haitakubaliwa kule.

Niliirudisha mashine kubwa kwa yule mama. Hakucheka mara hii. Aliuliza habari ya Bare kabla ya kuuliza jambo lolote, kisha akanipa ile ndogo kwa mabadilishano. Ilitulisha miaka mingi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bare alirudi kazini, kwa hiari yake, nilimkataza akanikatalia. Lakini kukamua ngamia hakuweza tena. Alijaribu, maziwa yalimwagika, akampa dada yake chombo, akaenda kukaa mbali kidogo na boma. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.

Sasa turudi kwenye picha zako. Wapo watakaokwambia mchagua jembe si mkulima. Waambie jembe halina meno yanayojivuta yenyewe. Chagua, tena chagua sana. Usinunue mdomo mpana kwa ajili ya mashina utakayoyauza kama mkaa. Pima matawi unayoyakata kweli, na ununue kwa kipimo hicho. Ijue gari yako inavuta nini kwenye mchanga wa Masalani, si kwenye lami. Uliza visu vya akiba viko kwa nani na viko umbali gani. Okota maganda ya mbegu kabla ya kusaga, la sivyo utamwachia mwenye shamba mathenge mpya uliomwagiwa mbolea, na hatakuita tena. Na beba tawi lako mwenyewe, lenye miba, lenye kupinda.

Lakini hayo yote ni meno, na meno hutazamwa baadaye. Kwanza ilaze. Mwambie muuzaji aiwashe, iachwe ingurume kama inavyotaka, kisha uizime kutoka mahali atakaposimama mlishaji, si mahali utakaposimama wewe bosi. Gusa upau wake kwa paja, kwa tumbo, mikono ikiwa nyuma kana kwamba imenaswa. Isiposimama, au muuzaji akikwambia upau ulitolewa kwa sababu unasumbua, mshukuru na uondoke. Ya rangi ya machungwa ni nzuri, naikubali. Katika picha yako sikuuona upau. Huenda upo. Nenda ukautafute, kisha ungoje jibu.

Wala usiende peke yako. Mchukue Bare, nimeshamwambia, anakungoja kwake. Atakaa kimya njia nzima, usikasirike. Mkifika hatauliza bei, wala mafuta, wala unene wa mti. Ataupeleka ule mkono wake moja kwa moja kwenye swichi ya kuzima. Vikimtosha vidole vitatu kuizima, mashine hiyo ni yako.

Mungu akufungulie riziki, akupe subira ya kusikia unachokiuliza, na kila jioni wewe na wenzako mkivua glavu, kila mmoja avikute vidole vyake vyote kumi. Amina.