Mikuki ya Matanga

Marion, mchuuzi wa omena pale Muhuru, alichoka kabla hata baba yake hajazikwa, na baada ya mazishi hakupumzishwa. Siku ya tero buru, desturi ya matanga ya Waluo, wanaume walipokimbia hadi ziwani na mikuki na matawi kukifukuza kifo kilichomchukua mzee, yeye alitoa simu akarekodi. Aliyetangulia, mkuki wa baba mkononi, alikuwa kakake, Javan. Marion akaituma video kwa grupu ya familia ili hata walio mbali walie. Kosa lake ni hilo tu.

Siku tatu baadaye, video ikiwa imeshavuja nje ya grupu, runinga ikaionyesha na kutangaza kwamba wavuvi wa Migori wanajiandaa kukikomboa kisiwa tunachogombania na Waganda. Stesheni ya ng'ambo ya ziwa ikaonyesha video ile ile: wavamizi hao wanakuja. Mganda aliyekuwa akivua na Javan katika boti moja akampigia simu kutoka kisiwani. "Usikuje, ndugu yangu. Askari wa huku wako na sura yako kwa simu." Nyavu na injini ya Javan ziko kisiwani. Watoto wake wanne wako hapa, na wanakula kila siku.

Marion akamtafuta mwandishi wa habari, bwana mmoja mpole mwenye viatu safi. Akamweleza saa nzima: nyimbo, ng'ombe walioswagwa hadi ufuoni, jina la marehemu. Habari ilipotoka, kilichobaki ni sekunde saba za yeye akilia, na chini yake maandishi: "Dada wa mpiganaji aomba serikali iingilie kati." Sasa mtu afanye nini? Akikanusha anapigwa picha, akinyamaza amekubali.

Jumapili, jirani yao Maranga akaja na wenzake kumpongeza Javan. Maranga huyu alikimbia siku ile, tawi mkononi, akalia hadi sauti ikamkauka.

"Javan, tuko nyuma yako," alisema. "Siku ile tulikuwa tumejipanga kabisa."

"Mlijipanga kufanya nini?" Marion akauliza.

"Si vita? Nchi yote iliona."

"Maranga, ulikuwa unamlilia baba yangu."

Alilisema hilo polepole, na lilimuuma kuliko siku ya kaburi. Maranga akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyefuatilia habari. Kisha akamgeukia Javan, akamuuliza wanavuka lini.