Mlingoti wa Baba na Waya Niliyoikaza

Enzi zetu katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru, msimu wa mavuno ulinuka maganda yaliyochacha hadi nguo za kanisani zikanuka vilevile. Tuliruka kamba miguu mitupu, tukala githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mikebe, na jioni tukaoga katika bwawa la shamba tukijua vizuri kwamba kiboko kinatungoja nyumbani.

Katika bwawa hilo kulikuwa na mashua ndogo ya matumbo mawili: mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma, mlingoti ukisimama katikati. Mwenye shamba alipouza na kuhama, alimwachia baba mashua hiyo. Baba alikuwa fundi wa ua, mtu wa kuvuta waya kuzunguka shamba. Kwa miaka mingi aliitunza mashua ile wengine wakiipanda. Sasa alitaka jambo moja tu: kuvuka bwawa kwa tanga, mara moja, kabla wenyewe wapya hawajalikausha. Walikuwa wameshasema litafunguliwa maji yatoke Jumatatu.

Jioni alinifundisha. Kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, aliniita maitu, yaani mama yangu. Mlingoti ulishikwa na waya tatu, moja mbele na mbili ubavuni. Chini ya kila waya ya ubavuni kulikuwa na bamba lenye matundu. Ukiihamisha pini tundu moja chini, waya inakaza. Baba aliziacha zikubali kusukumwa upana wa vidole vitatu.

"Waya ya ua inazuia ng'ombe," aliniambia, "lakini upepo hauzuiwi, maitu. Mlingoti lazima upate nafasi ya kujigeuza. Pole pole utaelewa."

Niliitikia, lakini sikuelewa. Nyumbani kwetu, waya iliyolegea ilikuwa aibu.

Jumamosi, jirani yetu Mama Njeri alipita na debe la maji, akasimama kutazama. "Baba Wanjiru! Hiyo ni mashua ama waya za kuanika nguo? Fundi mzima wa ua!"

"Njoo kesho uone," baba akajibu huku akicheka.

Mimi sikucheka. Jumapili asubuhi, baba alipokuwa akioga, nilichukua chombo chake cha kukazia waya za ua, kile chenye mpini, nikazivuta waya zote mbili za ubavuni na kushusha pini matundu matatu. Nilipozipiga kwa kidole, zililia. Nikajisikia fundi.

Baada ya kanisa, kambi nzima ilijaa ukingoni. Baba hakuzigusa waya. Alikuwa amezipima jana yake. Alipanda na koti lake la kanisani, akasukuma. Upepo ukashuka kutoka kwenye miti ya kahawa, tanga likajaa, akina mama wakapiga vigelegele. Hakufika hata hatua thelathini. Tulisikia mlio mmoja mkali, waya ikakatika, mlingoti ukaanguka majini pamoja na tanga.

Baba alirudi akiivuta mashua, maji kifuani.

Aliitazama pini, akanitazama. "Ni nani aliihamisha?"

"Ni mimi, baba. Walikuwa wanakucheka."

Baba aliketi matopeni, akashika ile waya ya ubavuni iliyobaki, akaivuta kwa mkono wake mwenyewe. "Leta kidole gumba, maitu. Sukuma hapa. Unasikia? Hivi ndivyo inavyotakiwa." Akanifundisha upya tangu mwanzo, kwenye mashua isiyokuwa na mlingoti. Kesho yake bwawa lilifunguliwa, maji yakaisha.

Watoto wangu leo wanajifunza kila kitu kwenye simu. Video ikikwama kidogo, wanalia utadhani kuna msiba. Wakikosea wanafuta, wanaanza tena. Ninawacheka, lakini kuna siku ninawaonea wivu.

Baba tulimzika mwaka jana kule Ngoliba. Hakupanda mashua tena. Juzi nilipitia kwenye bwawa letu. Sasa ni nyumba za kupanga, ghorofa baada ya ghorofa, na barabara imepita katikati. Nilitembea kutoka ukingo wetu hadi ule wa pili. Ilinichukua dakika nne. Nilipofika nikageuka, nikatazama upande wa kambi, nikijaribu kuona alichotaka baba kukiona kutoka ng'ambo hii.

Askari wa geti akanijia. "Madam, unatafuta nani?"

Nikamwambia simtafuti mtu.