Hakukubali Mguu Upone kwa Mdomo

Nilikuwa naanika nguo Jumanne asubuhi simu ilipolia. "Mzee wa rekodi ametutoka." Aliyenipigia ni mama mmoja wa kanisa letu hapa Runyenjes, na kwa sauti yake nilijua amelia kabla ya kunitafuta. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua huyo mzee. Hakuwa daktari, na hata kama uliwahi kulazwa kwa ile hospitali alifanyia kazi, pengine hukumwona. Alikaa chumba cha nyuma, akisoma faili za wagonjwa na kugeuza maneno ya madaktari kuwa misimbo, zile herufi na namba ambazo bima na wizara hutumia kujua mtu aliugua nini. Mfupa wa unyayo ukivunjika una msimbo wake. Lakini huwezi kuupata mpaka ujue ni mfupa gani, mguu wa kushoto ama wa kulia, umetoboa ngozi ama haukutoboa, na kama mgonjwa amekuja mara ya kwanza, ama mfupa unaendelea kuunga, ama umekataa kuunga. Daktari akiandika tu "ameumia mguu," mzee alibeba faili mwenyewe, akapanda ngazi na kumuuliza, "Daktari, upande gani?" Vijana wa pale wakamwita Upande Gani. Alijua wanamwita hivyo, na hakushughulika.

Mimi nilimjulia kwa darasa la jioni, Embu mjini. Tulikuwa watu wazima wenye watoto, kila mtu na sababu yake ya kurudi shule, na tukiingia darasani tumechoka tayari. Siku moja mwalimu alituambia tuandike insha juu ya ajali. Mimi nikamwaga machozi, mvua na ving'ora karatasi nzima. Yeye akaandika mistari michache: nani aliumia, wapi kwa mwili, kwa sababu gani. Mwalimu akaiinua juu tuone. "Mzee, hii si insha. Hii ni ripoti ya polisi." Naye akajibu bila kutabasamu, "Mwalimu, ajali ilikuwa ndogo. Unataka niwaongezee damu?" Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Lakini nilirudi nyumbani nikifikiria ile insha yangu, vile nilikuwa nimemuua dereva ambaye hakukuwa na haja afe.

Sasa niwaambie juu ya huyu mama aliyenipigia simu. Yeye huchuma majani chai, na ndiye analisha nyumba yake. Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwa ukingo wa shamba, gambuti ikanasa kwa mzizi, mguu wa kushoto ukajipinda ndani yake. Ukavunjika ule mfupa wa kando, unaoelekea kidole kidogo. Akafungwa plasta. Kina mama tukaenda kwake na uji na maombi, na Jumapili moja akasimama na mkongojo akashuhudia kuwa Bwana amemponya. Tulipiga makofi sana. Basi alipotolewa plasta, daktari akamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Akajibu, "Nimepona, Bwana asifiwe." Daktari akafinya pale, yeye akauma meno. Kliniki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mnajua vile tuko huku kwetu, mtu akiulizwa hali hujibu kwa imani. Daktari akaandika kile aliambiwa: amepona.

Mfupa haukuwa umepona. Miezi ikaenda, mguu unafura kila jioni, mpaka eksirei ikaonyesha vipande viwili havijashikana. Alihitaji kupasuliwa awekewe skrubu. Bima ikakataa. Rekodi inasema mfupa huu ulipona, wakajibu, sasa huu wa leo umevunjika lini na imeandikwa wapi? Bila hiyo operesheni hangerudi shambani tena, na hakuna mtu mwingine wa kuingia kwa majani badala yake. Akaniomba nimsindikize hospitali. Nilienda nikijua nina mtu wangu ndani.

"Mzee, si ufute tu hilo neno," nikamwambia. "Ni neno moja."

"Nani alilisema?"

Mama akaangalia sakafu. "Ni mimi."

"Basi siwezi kulifuta. Na siwezi kuandika kitu daktari hajaona. Rudi kwake umwambie penye panauma. Akiandika, msimbo ni kazi yangu."

"Na kanisa je?" mama akauliza. Hapo ndipo palikuwa na shida yenyewe. "Niliwaambia nimepona. Nikigeuka leo, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

Mzee akavua miwani. "Mama, nimefanya hii kazi tangu nikiwa na nywele. Kuna msimbo wa mfupa unaochelewa kuunga. Kuna wa mfupa uliokataa kabisa. Sijawahi kuona wa mfupa wenye imani kidogo."

Mama alicheka, halafu akalia, halafu akainuka akaenda kwa daktari. Safari hii alipofinywa alipiga kelele. "Uchungu ulianza lini?" "Haukuwahi kuisha, daktari." Daktari akakaa chini, akaandika upya chini ya yale ya zamani, tarehe ya siku hiyo, mguu wa kushoto, mfupa gani, na kuwa haujaunga. Neno la kwanza likabaki pale pale, halikukwaruzwa. Mzee akaweka msimbo, na kwa wiki kadhaa akapigia watu wa bima simu bila kuinua sauti, mpaka wakakubali.

Jumapili kabla ya operesheni, mama alisimama kanisani. "Wapendwa, niliwaambia nimepona. Mguu haujapona. Niombeeni, naenda kupasuliwa." Halafu mwenyekiti wetu wa kina mama, ambaye sisi wote tunamwogopa, akainuka polepole. "Na mimi goti langu halijapona." Kutoka nyuma mwingine akasema, "Presha yangu pia." Siku hiyo tuliomba kama watu wanaojua wanaomba nini.

Leo huyo mama anachuma majani. Na leo hospitali zina kompyuta, kijana anabonyeza anapata msimbo haraka, hata ule wa kusema tu mguu umevunjika bila kujua ni upi. Sina ubaya na kompyuta. Lakini haiwezi kupanda ngazi kuuliza kile sisi wenyewe tumeficha. Tulimzika mzee Jumamosi huko Karurumo, na nikaamua sitamwandikia sifa ambazo hangekubali zipite. Nitawaachia tu kile alitufundisha. Mungu hajatutuma tumlinde kwa kumficha daktari ukweli. Yeye ndiye alitupatia uchungu wa kutuonyesha penye pameharibika. Kwa hivyo dada yangu, wiki hii ukiingia kliniki uulizwe unaendeleaje, ushuhuda uache kwanza. Vua kiatu.