Kahawa ya Mjomba Orbin Kaburini

Chuoni, kabla sijaiacha diploma katikati, mwalimu alitubandikia ramani ya nchi, wilaya kwa wilaya. Palipojaa wanaolipwa pensheni ya uzee na ya ulemavu, wino ulizidi wekundu. Wilaya yetu, huku milimani Kentucky, ilikuwa kama pamechinjiwa kuku. Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, tena nikawahadithia habari za Mjomba Orbin.

Mjomba alichimba makaa miaka ishirini na miwili, hadi paa la mgodi likamwangukia mgongoni. Tangu hapo analipwa ya ulemavu. Sijawahi kumsikia akiitaja kwa jina. Huiita "ile barua," maana hundi humjia kwa posta.

Kwetu kaburi halichimbwi kwa mashine. Wanaume huchimba kwa mikono. Asiyeweza huleta kahawa. Alipofariki Hobert, aliyechimba makaa bega kwa bega na Mjomba, Mjomba alipanda makaburini na birika, akasimama pembeni bila kumtazama mtu.

Mimi nimo shimoni na sepetu, watu kumi wananiangalia. Ulimi ukaniwasha.

"Mjomba, huo mgongo mbona hupona kila msimu wa kuwinda bata mzinga wa porini?"

Wakaangua kicheko. "Muache mwenye barua yake," akadakia jirani yetu Verlin, "atatumwagia kahawa!"

Mjomba akatua birika chini. "Toka humo."

"Aa, Mjomba, utani tu huo."

"Toka! Siku ile paa liliponiangukia, Hobert alinifukua kwa kucha. Kwa kucha, wewe!"

Nikatoka. Akashuka, akaichukua sepetu yangu. Akachimba sepetu sita. Ya saba haikuinuka. Akabaki ameinama vile vile, kaung'ang'ania mpini, midomo imemkauka. Kisha suruali yake ikalowa, mbele ya wote.

Verlin alivua kofia, akageukia miti.

Tulimtoa kwa zile kamba tulizomwandalia Hobert. Nikamfunika kiunoni kwa koti langu, akalisukuma.

"Mjomba, nisamehe."

"Shimo halijafika kina," akasema, macho kayafumba. "Chimba. Na mama yako asisikie."

Wakamteremsha nyumbani. Nikachimba. Verlin alitaka kunipokea sepetu, nikamkatalia, mpaka viganja vikachubuka na kaburi likafika kina.

Nilipopanda juu, birika lilikuwa bado na joto kidogo. Wenzangu walimiminiana, kila mtu na kikombe chake. Wakanipa changu. Nilikishika mpaka kikapoa, nikakirudisha kimejaa.